Kidonda Kiko Wapi? Majibu kwa wafugaji wenye kuku wanaodonoana

Barua za safari hii karibu zote ni za ugomvi: kuku wamenyonyoana mpaka ngozi inaonekana, tembe ametolewa utumbo, jogoo amemchana mtoto shavuni. Wengi mnauliza dawa. Kabla ya dawa tunamwuliza kila mfugaji jambo moja: kidonda kiko wapi? Kikiwa kichwani, kwenye upanga au ndevu, kuku wanagombea ukubwa. Kikiwa mgongoni au mkiani, tafuta kasoro kwenye lishe, nafasi na kazi ya kuku kutwa. Kikiwa kwenye njia ya haja, tazama viota. Kwa vifaranga, kikiwa kwenye vidole, tazama joto na vyombo vya chakula. Kuku wawili wanaweza kuwa na damu sawasawa, kila mmoja kwa sababu yake, na mfugaji akikosea kusoma mahali pa kidonda atahangaika na kisichohusika huku kuku wakipungua.

Shikamooni. Nina kuku chotara 45 wanaotaga, banda la mita 3 kwa 2. Hawatoki nje kwa sababu majirani wamelima. Chakula cha dukani nachanganya nusu kwa nusu na pumba za mahindi kisiishe haraka. Taa huwaka usiku kucha. Wamenyonyoana mkiani na mgongoni, na wiki hii mmoja ametolewa nyama. Nifanyeje? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba. Asante kwa kutuandikia vipimo, maana jibu lako limo ndani yake.

Leo hii mtoe huyo mwenye kidonda. Kuku akiona nyekundu hudonoa, na wenzake wakimwona anadonoa nao huja. Kidonda cha ukubwa wa punje ya hindi asubuhi huwa shimo jioni. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja cha chai cha chumvi, yaache yapoe, osha kidonda, kausha kwa kitambaa safi, kisha paka GV, dawa ya maji ya zambarau ya vidonda. Ile zambarau inakausha na pia inaficha wekundu. Usipake oili chafu ya gari, kama wengi wanavyofanya: inaunguza ngozi, na kuku akijisafisha kwa mdomo anaimeza. Asirudi bandani mpaka ngozi imefunga na hakuna wekundu.

Kisha geuza ndoo, kaa juu yake ndani ya banda nusu saa bila kujitikisa. Wataanza kukusahau. Utamwona mmoja anatembea polepole nyuma ya mwenzake, shingo ameinyoosha, jicho moja limekazia shina la mkia. Anachagua unyoya mmoja, anauvuta, anaukimbiza pembeni na kuumeza. Yule aliyevutwa mara nyingi hata hageuki. Huo si ugomvi wa ukubwa, ni kuchakura kulikokosa ardhi: mdomo ulioumbwa kutafuta chakula kutwa umekosa pa kutafuta. Wanaoanzisha huwa wachache, pengine wawili au watatu katika banda zima, na kwa kawaida ndio wenye manyoya mazuri kuliko wote. Watenge hao siku 5 hadi 7 huku ukirekebisha yafuatayo.

Tuanze na chakula, kwa kuwa hapo ndipo umejiumiza zaidi. Chakula cha kuku wa mayai cha dukani kina protini ya asilimia 16 hadi 17. Pumba za mahindi zina kama 9 au 10. Ukichanganya nusu kwa nusu unapata takriban 13, na chokaa nayo inashuka nusu. Aidha pumba za mahindi hazina methionini ya kutosha, sehemu ya protini inayojenga manyoya, kwa hiyo kuku wako anautafuta unyoya wa mwenzake kama chakula. Kuku mmoja anayetaga anahitaji gramu 120 hivi kwa siku, kwa hiyo 45 wanahitaji kilo 5.4 za chakula kamili. Acha kuchanganya pumba. Kama gharama inakubana, ni afadhali kuku 30 wanaokula vizuri kuliko 45 wanaokulana. Nunua chakula cha unga, siyo cha punje zilizoshinikizwa, kwa sababu unga unamchukua kuku muda mrefu kuumaliza na mdomo wake unakuwa na shughuli. Wanaojichanganyia nyumbani wakumbuke chumvi, gramu 250 hadi 300 kwa kila kilo 100 za chakula. Ikikosekana wanadonoana, ikizidi inaua, na dagaa waliokaushwa kwa chumvi wanaingia kwenye hesabu hiyo.

Nafasi: banda lako ni mita 6 za mraba, yaani kuku 7 na nusu kwa kila mita. Kwa chotara wasiotoka, usizidishe 5. Ama upunguze 15, ama uwajengee uwanja wa wavu ubavuni mwa banda wenye mita 4 kwa 5, ufunikwe juu ili wasirukie mashamba ya watu. Vichanja viwe na sentimita 18 hadi 20 kwa kila kuku, na viwe juu kiasi cha sentimita 70. Kichanja cha sentimita 40 ni kibaya kuliko kukosa kichanja, kwa sababu aliyelala juu yake anaachia njia ya haja mbele ya mdomo wa aliyesimama chini.

Taa ya usiku kucha izime. Kuku asiyelala huwa na hasira, na mwanga mkali unaonyesha kila kipele. Kama unataka mwanga wa kutagia, tumia taa ndogo ya wati 3 hadi 5, iwashe saa 10 alfajiri, uizime kukipambazuka, na jioni waache walale na jua.

Kazi sasa. Weka maranda ya kina cha sentimita 8 hadi 10, na kila asubuhi na saa 9 alasiri tawanya humo mtama au mahindi yaliyovunjwa, gramu 5 kwa kuku kila mara. Hiyo inakupa robo kilo kasoro kidogo kwa banda lako. Ning'iniza mafungu ya mchicha au kabichi usawa wa kichwa cha kuku ili wayarukie. Kwenye kona weka boksi la sentimita 60 kwa 60 lenye mchanga mkavu na majivu, waoge vumbi. Usiku pitisha kitambaa cheupe chini ya kichanja: kikitoka na madoa mekundu una utitiri, na kuku anayewashwa hujinyonyoa mwenyewe kabla wenzake hawajamsaidia.

Usitarajie manyoya kurudi wiki ijayo. Unyoya uliong'oka mzima huota tena kwa wiki 6 hivi. Uliokatika ukabaki kishina hukaa hivyo mpaka kuku apukutishe manyoya. Na hapo kuna hatari ya pili ambayo wengi hawaijui: unyoya mchanga unapochomoza, bomba lake limejaa damu. Likidonolewa linavuja, na vita vinaanza upya. Kwa hiyo wiki ya tatu na ya nne baada ya marekebisho ndizo za kuwa macho zaidi.

Hamjambo. Nina tembe 40 wa kienyeji walioboreshwa, wameanza kutaga wakiwa na wiki 20. Viota ni vitatu, viko chini ya dirisha. Nimepoteza wawili, utumbo umetolewa kwa nyuma. Jirani anasema ni kicheche. (Msomaji, Nakuru)

Hatujambo. Kicheche huuma shingo na kichwa, na huacha fujo. Kuku aliyetolewa utumbo kwa nyuma mchana, wenzake wakiwa wazima, amedonolewa na wenzake.

Yai linapotoka, nyama laini ya ndani hutoka nayo kidogo, nyekundu na yenye unyevu, kisha hurudi yenyewe. Kwa tembe anayeanza, hasa mnene au mwenye yai kubwa, nyama hiyo huchelewa kurudi. Akiwa ndani ya kiota chenye giza hakuna amwonaye. Wako wanataga chini ya dirisha, na kwa kuwa viota vitatu havitoshi kuku 40, wengine wanataga sakafuni juani. Pigo moja tu la mdomo linatosha.

Unahitaji viota 8 hadi 10, yaani kimoja kwa kuku 4 au 5. Kila kimoja kiwe na upana wa sentimita 30, kina 30 na kimo 35, kikae nusu mita kutoka sakafuni kwenye ukuta wenye giza kuliko kuta zote. Mbele ning'iniza kipande cha gunia kinachofunika nusu ya juu ya mlango. Viota vya sasa vihamishe leo kutoka dirishani, usisubiri fundi.

Ukimkuta kuku nyama imetoka lakini haijadonolewa, ioshe kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, paka sukari iliyokorogwa na maji kidogo ili uvimbe upungue, subiri dakika 10, kisha isukume ndani taratibu kwa kidole safi chenye vaselini. Mweke kwenye boksi lenye giza siku 3 hadi 5, chakula kidogo, maji tele, asitage haraka. Wengi hurudiwa na tatizo, kwa hiyo usimhesabu kwenye kundi la mbegu. Akiwa amekwisha chanwa, mchinje mara moja asiteseke. Na msimu ujao usiwashe taa ya kuongeza saa za mwanga kabla ya wiki ya 18, kwa sababu kuku anayeharakishwa kutaga mwili haujapevuka ndiye huyu unayemwokota sakafuni.

Jogoo wangu ni mchanganyiko wa kuchi, ana miezi 14. Anamrukia mke wangu kila akiingia uani, na juzi amemchana mtoto wa miaka mitano shavuni. Tukimpiga teke anazidi. Ni jogoo mzuri, sipendi kumchinja. (Msomaji, Tanga)

Pole sana kwa mtoto, na tuanze naye. Mwiba wa mguu wa jogoo unaingia ndani kama msumari, na umekanyaga kinyesi. Kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya akaangaliwe chanjo ya pepopunda, hata kama kidonda kimefunga. Angepigwa sentimita 3 juu zaidi tungekuwa tunazungumzia jicho. Kuanzia leo mtoto huyo asiingie uani jogoo akiwa nje. Hilo halina majadiliano.

Kuchi ni kuku warefu wa shingo na miguu waliochaguliwa vizazi kwa vizazi kwa ushujaa wa kupigana, kwa hiyo damu hiyo unayo uani. Lakini teke ndilo lililomfundisha. Kwa jogoo, anayerusha mguu amekubali mashindano, na anayekimbia ameshindwa. Mke wako anafanya la pili, wewe la kwanza, na kila siku jogoo anapata mazoezi.

Msome kabla hajaruka. Huanza kwa kujifanya anadonoa kitu chini, huku jicho likiwa kwako. Kisha anashusha bawa moja mpaka linagusa ardhi, anakuzunguka kwa ubavu kwa hatua fupi, manyoya ya shingo yanasimama kama mwavuli. Hapo una sekunde mbili au tatu. Simama ulipo, usimgeuzie mgongo, usipunge mikono. Shika ungo wa kupepetea au kipande cha ubao usawa wa magoti, uwe ukuta kati yenu. Akiruka agonge ungo, asipate mguu wala kelele. Baki hapo mpaka manyoya yashuke na yeye aanze kula au kuondoka, ndipo uendelee na safari yako kwa mwendo uleule. Mke wako afanye hivyo kila siku kwa wiki mbili, na yeye ndiye awe anawatupia mtama. Avae buti. Usiku jogoo akiwa kichanjani, amchukue, amfumbate kwapani mabawa yakiwa yamebanwa, akae naye dakika 10, amrudishe. Na watoto wa mtaani waache kumtupia mawe na kumchokoza kwa fimbo.

Miiba ya miguu usiikate kwa msumeno. Katikati yake kuna mfupa na damu. Tumia tupa, sugua ncha tu mpaka iwe butu kama ncha ya kidole, ukiona rangi ya waridi acha. Hesabu pia mitetea: jogoo mmoja anahitaji 8 hadi 10. Mwenye mitetea mitatu huwachubua migongo, na jogoo wawili kwenye mitetea sita hawawezi kuwa na amani. Majogoo wakishikana, waachanishe kwa ubao au ndoo ya maji, kamwe si kwa mikono mitupu.

Baada ya wiki tatu akiwa bado anarukia watu, mchinje. Tunajua ni mzuri, ila ukali wa namna hii unarithiwa, na kumuuza kwa mwenye watoto ni kuhamisha jeraha kwa mtoto mwingine. Jambo moja husahaulika: mtetea huhifadhi mbegu za jogoo mwilini kwa wiki mbili na zaidi. Mayai yatakayotagwa ndani ya wiki tatu baada ya yeye kuondoka yaleni, msiyaatamishe.

Nimenunua tembe wawili sokoni nikawaachia pamoja na kuku wangu 12 mchana. Walipigwa vichwani mpaka damu. Je, hawatazoeana? (Msomaji, Unguja)

Watazoeana, kwa mpango. Kila kuku anamjua aliye juu yake na aliye chini yake, jambo ambalo mtafiti wa Norwe, Thorleif Schjelderup-Ebbe, alilieleza mwanzoni mwa miaka ya 1920 kwa kuwatazama kuku wakidonoana. Mgeni hana nafasi katika ngazi hiyo, kwa hiyo wote 12 wanaona lazima wamwonyeshe pa kusimama.

Wageni kwanza wakae mbali siku 30, siyo kwa ugomvi bali kwa mdondo (ugonjwa wa Newcastle, au kideri). Wape chanjo, tone moja jichoni, na wenyeji pia kama miezi mitatu imepita tangu chanjo ya mwisho. Kisha weka wavu katikati ya banda wiki moja au mbili, waonane na kulishwa pande mbili za wavu bila kugusana. Halafu waingize usiku, kichanjani, na asubuhi kuwe na vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji vilivyo mbali, pamoja na mbao mbili zilizosimamishwa ili anayefukuzwa apate pa kupotelea machoni. Utaona kufukuzana na kudonolewa kichwa kwa siku 3 hadi 7. Bila damu, usiingilie, maana ukiingilia wanaanza kuhesabiana upya. Kukiwa na damu, mtoe anayepiga na si anayepigwa. Akirudi baada ya siku kadhaa yeye ndiye mgeni.

Vifaranga wangu wana siku 6, wanadonoana vidole vya miguu mpaka vinatoka damu. Wako 100 kwenye boksi la mita 2 za mraba, jiko la mkaa liko katikati. (Msomaji, Kitui)

Vifaranga 100 wanahitaji mita 4 hadi 5 za mraba, kwa hiyo panua kesho isifike. Joto katika wiki ya kwanza liwe nyuzi 32 hadi 35 usawa wa migongo yao, lipungue kama nyuzi 3 kila wiki. Wakihema midomo wazi na kujibana ukutani ni joto kali, na joto kali ndilo linalowafanya wadonoane. Sogeza jiko kando ili wapate upande wa baridi wa kukimbilia, na acha upenyo wa hewa, moshi wa mkaa unaua. Kisha tazama wanapokula: kifaranga asiyeona chakula anadonoa kinachong'aa karibu naye, na hicho ni kidole. Tandaza chakula kwenye sinia nne au tano bapa. Waliotoka damu wapake GV, uwatenge siku mbili.

Mtetea mwenye vifaranga 9 ameua vifaranga vya mwenzake vitatu. (Msomaji, Mwanza)

Hana kosa, mama wengi humdonoa kifaranga asiye wao. Mfunike na watoto wake chini ya tenga mchana kwa wiki mbili, na mwenzake vivyo hivyo upande wa pili wa ua, kila tenga na maji yake.

Fundi anataka kuwakata kuku wangu 20 midomo. Nikubali? (Msomaji, Dodoma)

Kwa kuku 20 wa nyumbani, hapana. Mdomo una mishipa ya fahamu mpaka karibu na ncha. Kukatwa vibaya kunamwachia maumivu ya muda mrefu, na kuku asiyeweza kuokota punje hukonda. Kwenye mashamba makubwa hufanywa kwa chuma cha moto, vifaranga wakiwa na siku 6 hadi 10, na aliyefundishwa, akipunguza si zaidi ya theluthi ya mdomo wa juu. Kisu cha jikoni na wembe si vifaa vya kazi hiyo. Kuku wako wakianza kudonoana, tupigie hesabu ya nafasi, chakula na mwanga kama alivyofanya msomaji wa Morogoro, utuandikie na kidonda kiko wapi.